Bande za jazz za Ujerumani kisha vita: nani alizirekodi, nani alizichunga

Wasikilizaji wetu wengi walijua neno jazz kupitia African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco. Jazz yenyewe ilizaliwa kwa Weusi wa Marekani, na kuko inchi moja ambako ilikatazwa ku redio kwa karibu miaka kumi: Ujerumani. Vita ilipoisha mu 1945, muziki huo ulirudia mbio. Sehemu kubwa ya ile iliyopigwa wakati ule ilipotea hewani. Sehemu ingine tunaweza kuisikia mupaka leo, na si kwa sababu wanamuziki walikuwa na feza ya kutengeneza santuri. Ni kwa sababu redio zilikuwa na mashine za bande, na watu wachache waliona kwamba bande zile ni kitu cha kuchunga.

Katika habari hii tunaeleza namna rekodi hizo zilifanywa, nani anasikika ndani yake, na ziko wapi leo.

Muziki uliofukuzwa ku redio

Mbele ya vita, miji kama Berlin na Hamburg ilikuwa na hoteli na baa nyingi ambamo watu walikuwa wanacheza swing. Wanazi walipokamata utawala mu 1933, waliuchukia muziki huo kwa sababu mbili: ulitoka kwa Weusi, na Wayahudi wengi walikuwa kati ya watu walioutunga na kuupiga. Tarehe 12 Mwezi wa 10, 1935, Eugen Hadamovsky, mukubwa wa programu za redio ya inchi, alitangaza kwamba jazz haitapigwa tena ku redio yoyote ya Ujerumani.

Vijana waliendelea kuusikiliza kwa siri, kwa santuri za zamani na kwa redio za inchi ingine. Wakati wa vita, kusikiliza redio ya kigeni kulikuwa kosa la kupeleka mutu gerezani. Mu Hamburg, polisi ya siri, ile Gestapo, ilikamata vijana wengi wa swing, na wengine wakatumwa katika kambi. Mu Frankfurt, walimukamata Emil Mangelsdorff, kijana aliyepiga jazz na marafiki wake. Kisha wakamutuma jeshini, akafungwa na Warusi, na alirudia nyumbani mu 1949 tu. Mudogo wake Albert, ambaye Emil alikuwa amemufundisha kupenda muziki huo, baadaye akawa mupiga tromboni anayejulikana ulimwenguni pote.

Serikali ileile iliyokataza jazz iliitumia pia kwa propaganda. Bandi ya Lutz Templin, iliyoitwa "Charlie and His Orchestra", ilipiga nyimbo za swing kwa Kiingereza, maneno yakiwa yamegeuzwa ili kuchekelea Churchill na Roosevelt. Zilitumwa hewani kwa ajili ya Waingereza, si kwa Wajerumani. Mupiga ngoma wa bandi ile, Freddie Brocksieper, kisha vita alipata kazi katika klabu za askari Wamarekani. Ndiyo maana, unaposikiliza rekodi za miaka ya kwanza, usifikiri wote walitoka njia moja. Katika muziki uleule kulikuwa waliofungwa, walionyamaza, na waliofanyia propaganda kazi.

Mashine iliyobadilisha kazi ya redio

Ili kuelewa bande hizi, lazima kujua mashine yenyewe. Mu 1928, Fritz Pfleumer aliandikisha namna yake ya kuchunga sauti juu ya ukanda wa karatasi uliopakwa unga wa chuma. Kampuni ya AEG ilitengeneza mashine iliyoitwa Magnetophon na kuionyesha Berlin mu 1935. Bande zilitoka kwa kampuni ya kemia mu Ludwigshafen, ile BASF. Mu 1940, wafundi wa redio Walter Weber na Hans-Joachim von Braunmühl walipata njia ya umeme ya kupunguza sana ile sauti ya "shhh" iliyokuwa inafunika muziki.

Inchi ingine hazikuwa na kitu kama hiki. Wakati wa vita, askari wa mawasiliano walishangaa kusikia redio za Ujerumani zikitoa muziki wa orkestra usiku wa manane, sauti ikiwa safi kama vile wapigaji wako palepale studio. Vita ilipoisha, Mumarekani Jack Mullin alikuta mashine hizo katika studio ya Bad Nauheim, karibu na Frankfurt. Alituma mbili kwao vipande vipande, akaziunga, na mu 1946 akazionyesha San Francisco. Mu 1947 Bing Crosby alianza kuzitumia kwa kipindi chake cha redio. Mashine za bande za Marekani zilitoka hapo.

Kwa wanamuziki wa jazz, tofauti ilikuwa kubwa. Upande moja wa santuri ya wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Bande ya metre 1.000, ikizunguka santimetre 77 kila sekonde, ilibeba zaidi ya dakika 20. Mupiga saksofoni aliweza kuendelea na wazo lake mupaka mwisho. Kosa liliweza kukatwa kwa makasi na bande kuungwa tena.

Lakini bande ilikuwa na hatari yake: unaweza kuifuta na kurekodi kitu kingine juu yake. Katika inchi iliyobomolewa, ambako bande mupya zilikuwa bei kali, kishawishi kilikuwa kikubwa. Konseri ya jazz ya leo ingeweza kufunikwa na hotuba ya mukubwa kesho.

Majeshi mane, redio nyingi

Kisha vita, Ujerumani iligawanywa na majeshi ya inchi ine, na kila jeshi lilisimamia redio katika eneo lake. Wamarekani walikuwa na redio za Frankfurt, Stuttgart na München, pamoja na RIAS katika sehemu yao ya Berlin. Waingereza walianzisha ile ya Hamburg. Wafaransa walianzisha Südwestfunk (SWF) mu Baden-Baden. Warusi walisimamia redio ya Berlin.

Pamoja na hizo kulikuwa AFN, redio ya askari Wamarekani, iliyoanza kusikika mu Ujerumani Mwezi wa 7, 1945. Ilikuwa kwa ajili ya askari, lakini mawimbi hayajui mupaka. Vijana Wajerumani walikuwa wanakaa pembeni ya redio wakiandika noti za muziki kwa kusikia tu. Wengine walijifunza kwa santuri za jeshi zilizoitwa V-Disc, zilizotengenezwa kuanzia 1943 mupaka 1949 kwa ajili ya askari. Programu hiyo ilipofungwa, jeshi liliharibu hata vyombo vya kuzitengenezea. Tunazo leo kwa sababu kuko watu waliozichukua na kuzificha nyumbani.

Klabu za askari zilikuwa chuo cha pili. Mwanamuziki alipiga usiku wote, akapata chakula, sigara, na mara ingine nafasi ya kupiga pamoja na Mweusi aliyetoka New York ao Chicago. Miaka michache mbele, watu walifungwa kwa kusikiliza muziki wa mutu huyo.

Berlin, 1948

Moja kati ya rekodi zinazojulikana sana za wakati ule ilifanywa Berlin, Mwezi wa 7, 1948. Rex Stewart, mupiga tarumbeta aliyekuwa katika orkestra ya Duke Ellington miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940, aliingia studio na vijana wa Hot Club Berlin. Santuri zilitolewa na Amiga, lebo iliyoanzishwa mu 1947 chini ya kampuni ya mwimbaji Ernst Busch, kwa ruhusa ya Warusi.

Angalia tarehe vizuri. Siku zilezile, Warusi walikuwa wamefunga njia zote za nchi kavu za kuingia Berlin ya magaribi, na ndege za Wamarekani na Waingereza zilikuwa zinaleta unga na makaa. Kufungwa kwa njia kulianza tarehe 24 Mwezi wa 6, 1948, na kuliisha tarehe 12 Mwezi wa 5, 1949. Mumarekani Mweusi alirekodi kwa lebo ya upande wa Warusi, pamoja na Wajerumani, wakati wakubwa wa pande zote mbili walikuwa karibu kupigana.

Berlin ilikuwa pia na Coco Schumann. Alizaliwa palepale mu 1924, mama yake akiwa Muyahudi. Kijana huyo alipiga swing kwa siri mupaka walipomukamata. Katika kambi ya Theresienstadt alipiga na bandi ya wafungwa iliyoitwa Ghetto Swingers. Kisha wakamupeleka Auschwitz. Alipona. Mu 1945 alirudia Berlin na kushika gitare tena, akapiga na Helmut Zacharias, na akawa mumoja wa Wajerumani wa kwanza kutumia gitare ya umeme. Mu 1950 alihamia Australia, akarudi mu 1954. Alikufa mu 2018. Katika rekodi zake za miaka ile unasikia gitare yenye furaha, haisemi kitu juu ya kambi. Yeye mwenyewe alinyamaza juu ya jambo hilo kwa miaka mingi sana.

Redio kama mwajiri

Frankfurt ilikuwa na makao makubwa ya Wamarekani, na jazz ilikomaa hapo. Mu 1952 Carlo Bohländer alifungua klabu katika chumba cha chini ya ardhi, ile inayoitwa Jazzkeller. Mu 1953 Horst Lippmann na wenzake walianzisha festivali ya jazz ya Ujerumani mu muji uleule.

Lakini klabu haikulisha watu wengi. Redio ndiyo iliyolipa mushahara. Erwin Lehn alipewa orkestra ya redio ya Stuttgart mu 1951. Kurt Edelhagen alichukuliwa na SWF ya Baden-Baden mu 1952, na mu 1957 akaenda Köln. Albert Mangelsdorff aliongoza bandi ya jazz ya redio ya Frankfurt kuanzia 1958. Mutu aliyeajiriwa hivi alikuwa na siku za mazoezi, studio nzuri, fundi wa sauti na bande. Hiyo ndiyo sababu kubwa rekodi za redio za Ujerumani zinasikika safi kuliko zile za klabu: hazikufanywa mbiombio.

Mu Baden-Baden kulikuwa mutu mwingine ambaye jina lake linarudia kila mara: Joachim-Ernst Berendt. Baba yake, muchungaji wa kanisa lililokataa kufuata Wanazi, alikufa katika kambi ya Dachau mu 1942. Kijana Berendt aliingia SWF tangu mwanzo wake na kupewa jazz. Alialika bandi studio, na Wamarekani waliokuwa wanapita Ulaya kwa konseri aliwaomba waingie pia. Mu 1953 alitoa kitabu chake, Das Jazzbuch, kilichotafsiriwa katika luga nyingi. Aliokota pia kila kitu: santuri, picha, magazeti, barua. Muji wa Darmstadt ulinunua mali hiyo mu 1983, na juu yake ukajenga Jazzinstitut, iliyofunguliwa mu 1990. Ni moja kati ya hifadhi kubwa za jazz zilizo wazi kwa watu wote katika Ulaya.

Jutta Hipp: sauti iliyobaki ku bande

Historia ya musichana moja inaonyesha vizuri faida ya bande. Jutta Hipp alizaliwa Leipzig mu 1925. Wakati wa vita alisikiliza jazz ya redio za kigeni kwa siri na kujifunza piano. Mu 1946 alikimbia eneo la Warusi na kuingia upande wa magaribi, akapiga katika klabu za askari ili apate kula. Alipiga na bandi ya Hans Koller, kisha mu 1953 akaunda bandi yake Frankfurt. Ndani yake kulikuwa Emil Mangelsdorff, yule aliyefungwa na Gestapo.

Tarehe 24 Mwezi wa 4, 1954, bandi hiyo ilirekodi Frankfurt santuri iliyotolewa Marekani na Blue Note. Mupango ulifanywa na mwandishi Leonard Feather. Blue Note yenyewe ilianzishwa New York mu 1939 na Alfred Lion, na rafiki yake Francis Wolff akajiunga naye. Wote wawili ni wazaliwa wa Berlin, Wolff akiwa Muyahudi aliyekimbia Wanazi mwaka uleule. Wanaume waliofukuzwa na Berlin walitoa rekodi ya musichana wa Leipzig.

Mwisho wa 1955 Jutta Hipp alienda New York. Mu 1956 alirekodi katika klabu ya Hickory House, na tena pamoja na mupiga saksofoni Zoot Sims. Miaka michache kisha hapo akaacha piano kabisa. Aliogopa jukwaa, na kuishi kwa muziki kulimushinda. Alipata kazi katika kiwanda cha nguo na kukaa humo miongo, akichora picha saa za kupumuzika. Alikufa Queens mu 2003.

Kwa miaka mingi, watu walimujua kwa santuri chache tu. Mu miaka ya 2010, redio ya SWR, iliyorizi SWF na redio ya Stuttgart, ilianza kutoa bande zake za zamani kupitia lebo ya Jazzhaus. Kati yake kulikuwa rekodi za Jutta Hipp za 1952 mupaka 1955. Sasa tunaweza kusikia vile alikuwa mbele New York haijamuchokesha: vidole vyepesi, hana haraka, anaacha nafasi katikati ya noti. Kama mutu angeifuta bande ile ili arekodi matangazo, tungebaki na hadisi yake tu.

Upande wa mashariki

Upande wa mashariki, mambo yalienda tofauti. Amiga iliyomurekodi Rex Stewart ilipunguza sana jazz kuanzia mwanzo wa miaka ya 1950, kwa sababu utawala uliiona kuwa chombo cha Wamarekani. Reginald Rudorf, aliyefanya mazungumuzo na kuandika ili jazz ikubaliwe, alifungwa mu 1957. Ndiyo maana ukitafuta rekodi za miaka ile, boksi za magaribi zimejaa na zile za mashariki ni chache. Uchache huo hauonyeshi kwamba watu hawakupiga. Unaonyesha kwamba hakukuwa mutu wa kuwafungulia studio.

Namna gani bande ya miaka 70 inasikilizwa tena?

Kazi inafuata hatua hizi:

1. Kusoma boksi. Tarehe, muji, majina, mwendo wa bande. Bande isiyoandikwa inaweza kuchukua siku nyingi za kutafuta nani anapiga.

2. Kunusa. Bande za zamani za asetati zikianza kuoza zinatoa harufu ya siki. Zinatengwa na zingine, na kazi yake inafanywa kwanza.

3. Kuangalia mahali pa kuungwa. Gundi ya zamani inakauka, na bande inaachana ikizunguka.

4. Kutafuta mashine ya mwendo ule. Bande iliyorekodiwa kwa santimetre 77 kila sekonde, ukiipiga kwa 38, musichana ataimba kama muzee mwanaume, na muziki utaenda polepole mara mbili.

5. Kuipiga mara moja, kwa uangalifu, na kuiingiza ku kompyuta bila kuipamba. Kusafisha sauti kunafanywa juu ya kopi. Bande yenyewe inarudishwa mahali pa baridi na pakavu, haitupwi.

Miaka ya kukumbuka

1935: jazz inakatazwa ku redio za Ujerumani, Magnetophon inaonyeshwa Berlin.
1945: vita inaisha, AFN inaanza.
1948: Rex Stewart anarekodi Berlin.
1952: hifadhi ya sauti ya redio za Ujerumani inaanzishwa Frankfurt.
1953: festivali ya kwanza ya Frankfurt, Das Jazzbuch.
1954: Jutta Hipp anarekodi kwa Blue Note.
1990: Jazzinstitut ya Darmstadt inafunguliwa.

Na sisi?

Si mbali na Frankfurt, Chuo Kikuu cha Mainz kilifungua mu 1991 hifadhi ya muziki wa Afrika, na ndani yake muna santuri za zamani za Kongo. Wajerumani walijua kwa jasho lao kwamba muziki usiochungwa unakwenda, na walichunga hata wa kwetu.

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia kuko kaseti za kwaya, za orkestra ya mutaa, za muzee aliyepiga likembe na ambaye haiko tena. Kama uko nayo, usingoje mashine. Leo chukua kalamu na uandike juu yake: nani anaimba, wapi, mwaka gani. Vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mugongoni mwa kaseti, ili mutu asirekodi juu yake. Iweke mbali na jua na mbali na baflu. Kisha uilete ku redio, tuisikilize pamoja.